Bega la Kushoto
Sehemu ya tisa

Panga lilikuwa bado juu tulipoachana na Blandine sokoni Kalerwe. Chini ya panga hilo alisimama Docus, mwanamke aliyemng'oa bega miezi minane iliyopita na kumwondoa kabisa kwenye mieleka.

Panga likashuka.

Munirah, jirani yake wa meza ya nyanya, alifumba macho. Wateja wawili waliruka nyuma. Panga lilipita karibu na sikio la Docus, likapasua boga lililokuwa mezani, likazama kwenye ubao. Mbegu ziliruka zikamganda Docus shavuni.

Kama Blandine alikosa au alijikosesha, hata yeye mwenyewe hakujua.

Alijaribu kulichomoa. Mkono wa kulia ulivuta, lakini panga liling'ang'ania. Angekuwa na mikono miwili angelitoa. Wa kushoto ulining'inia ubavuni kama ulivyoning'inia tangu siku ile; haukuweza kuinuka kupita kifua. Kila asubuhi ni Munirah aliyemfunga kitambaa cha kichwa.

"Nakuja ongea," Docus alisema. "Si kupigana."

"Ongea na Mungu wako."

Blandine aliliacha panga, akamwingia kwa kichwa.

Paji lake la uso lilitua juu ya pua ya Docus. Damu ilitoka hapo hapo, nyingi, ikamlowesha Blandine gauni. Docus aliyumba, akamshika gauni kifuani ili asianguke.

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Vidole vya Docus vilijulikana klabu yao nzima ya mieleka kwa kushika kama koleo la fundi. Ukishikwa, umeshikwa. Lakini gauni lilimponyoka. Akashika tena kwa mkono wa kulia. Likaponyoka tena.

Blandine aliliona hilo, ila hakusimama. Hasira ya miezi minane haisimami kwa kuona. Alipitisha mguu nyuma ya goti la Docus, akamzungusha juu ya nyonga yake kwa mkono mmoja, akambwaga.

Docus aliangukia ukingo wa mfereji wa sementi. Kisogo kilitangulia.

Blandine alimkalia kifuani. Ngumi ya kwanza ilipasua mdomo. Ya pili na ya tatu zilitua jichoni. Ya nne Munirah aliidaka hewani kwa mikono yake yote miwili.

"Brandine, wacha, nnyabo. Utaua muntu hapa juu ya kabichi zetu."

Watu walikuwa wamejaa. Hakuna aliyeingilia. Wengine walikuwa wameshapanda juu ya magunia, simu zimeinuliwa, ili waone vizuri.

"Umemaliza?" Docus aliuliza kutoka chini.

Alitema damu pembeni, akajaribu kuketi kwa kujiegemeza mkono wa kulia. Mkono ulikunjika. Akajaribu wa kushoto, akaketi.

Blandine alikuwa anahema. "Mukono yako iko na nini?"

"Inakufa. Kidogo kidogo. Tangu Tunis."

Tunis. Jina la mji huo lilikuwa bado linamchoma Blandine kila alipolisikia. Klabu moja ya huko ilitaka mwanamke mmoja wa kilo sitini na nane kutoka Kampala, mkataba wa miaka miwili. Klabu ya Nguzo ya Bugolobi ilikuwa na wawili: Blandine, aliyeletwa na mama yake kutoka Bukavu akiwa na miaka sita, na Docus, binti wa sajenti wa polisi, aliyezaliwa na kukulia kambini. Kocha Ochan aliwapambanisha ili apatikane mmoja.

Blandine alikuwa anaongoza sita kwa moja. Dakika ya pili Docus aliuacha mwili wote akauwinda mkono wa kushoto tu. Alipoupata aliuvuta nyuma, akaupandisha, kisha akaudondokea kwa uzito wake wote. Waliokuwa wamesimama mlangoni walisikia kano zikikatika.

Docus alipanda ndege. Blandine alipata meza ya kabichi Kalerwe.

"Kule nilianguka na shingo," Docus alisema. "Daktari akaniingiza kwa mashine, akasema pingili mbili zimeharibika, nisicheze tena maisha yangu yote. Nikarudi na karatasi, nikapea kocha. Kocha akaificha. Akasema ni woga. Miezi miwili sasa nacheza hivi. Hata kikombe inanitoka mukononi."

"Unataka mimi nikulilie?"

"Hapana. Nimekuletea sauti ya muntu."

Docus alitoa simu mfukoni kwa mkono wa kushoto. Kioo chake kilikuwa na nyufa. Aligusa mara moja, akaisogeza kwenye sikio la Blandine.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya taratibu, Kiswahili cha Bukavu.

"Kocha, ni ile bega ya bibi yangu ya kushoto. Ilisha kutoka mara mbili, na mimi mwenyewe njo niliirudisha. Hajaambia mutu. Docus aivute nyuma, kisha apandishe. Itatoka tu."

Blandine aliisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza alidhani masikio yake yanamdanganya. Mara ya pili alitafuta kosa, labda ni mtu anayefanana sauti. Mara ya tatu alisikia, nyuma ya maneno yale, saa ya ukutani ya chumba chao cha Katwe.

Heritier. Mumewe wa miaka mitano.

Alikumbuka bega lilipotoka mara ya kwanza. Alilala sakafuni, taulo mdomoni, na Heritier akamwekea kisigino kwapani na kuvuta mkono polepole mpaka likarudi. Baadaye walicheka wakala chapati. Walikubaliana wasimwambie mtu yeyote, kwa sababu klabu ikijua ingemtoa. Watu wawili tu duniani walijua.

"Ulipata hii lini?"

"Siku ile. Saa moja kabla tupande mkeka, kocha alinitumia. Nikajua ni bwana yako. Nikafanya." Docus alimtazama machoni bila kugeuza shingo. "Sikuja kuomba msamaha, Blandine. Nilitaka Tunis, nikafanya."

"Na leo unafuata nini?"

"Kuna ya pili."

Akagusa tena. Sauti ile ile, ya taratibu vile vile.

"Kocha, ya Docus ni shingo. Upande wa kuume, chini ya nywele. Santina amwangushe hapo mara moja vizuri, amekwisha."

Santina alikuwa msichana mpya wa klabu, mwenye nguvu na miaka kumi na tisa. Mchana ule, saa tisa, alipangiwa kupambana na Docus mbele ya viongozi na wageni. Usiku alikuwa amepokea sauti hiyo kutoka kwa Ochan, akashindwa kulala, na alfajiri akamtumia Docus.

"Juu ya nini kocha avunje muntu wake mwenyewe?" Blandine aliuliza.

"Juu ya karatasi ya Tunis. Nikienda kwa wakubwa niseme aliificha, yeye anaondoka, labda anafungwa. Nikivunjika kwa mkeka, watu wakiona, hiyo ni bahati mbaya ya mchezo. Nani atamuuliza?"

Munirah alileta maji kwenye kopo. Docus alinawa uso, maji yakawa mekundu.

"Leo sitacheza," Docus alisema. "Nitavua nguo ya klabu mbele ya watu wote, niseme kila kitu. Baba yangu atakuwa pale, nimemuita. Lakini nikiwa peke yangu watasema naogopa Santina. Wewe ukisimama na hiyo bega yako, watasikia. Utakuja?"

Blandine alitazama mikono yake. Mmoja ulikuwa na damu, mwingine ulikuwa umelala.

"Nitakuja. Kwanza napita nyumbani."

Docus aliinuka akishikilia meza. Aliondoka akitembea wima sana, kama mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa. Blandine alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kati ya mikungu ya matoke. Hakuwaza kwa nini anatembea vile. Kichwani mwake kulikuwa na sauti moja tu.

Saa saba Blandine alifika Katwe kwa miguu. Heritier alikuwa chumbani anapiga pasi shati jeupe lenye nembo ya Klabu ya Nguzo. Mkoba wake wa mkandaji wa klabu, wenye beji ya kazi, ulikuwa wazi kitandani, ndani yake taulo mbili na chupa ya mafuta ya kukandia. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Blandine aliipenda mikono ile kabla ya kumpenda mwenyewe.

"Umerudi mapema," Heritier alisema. Kisha akaona gauni. "Hiyo damu ni ya nani?"

"Si yangu. Bega inauma. Unikande."

Hakuuliza zaidi. Alisimamisha pasi pembeni, akamkalisha kwenye kigoda, akamwaga mafuta kiganjani na kuyasugua mpaka yakapata joto. Kwa miezi minane alifanya hivyo kila jioni bila kukosa. Wanawake wa nyumba zile waliwaambia waume zao wakajifunze kwa Heritier.

Vidole vyake vilianza shingoni, vikashuka, vikafika kwenye kovu. Vilikuwa vipole kama siku zote.

"Vuta nyuma," Blandine alisema.

"Hapa?"

"Nyuma. Kisha upandishe. Itatoka tu."

Mikono ilisimama.

Nje, mafundi wa Katwe walikuwa wanagonga mabati.

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Nimekusikia kwa masikio yangu."

Heritier hakukana. Alichukua taulo akajipangusa mafuta, kidole kimoja kimoja.

"Alikupa nini?" Blandine aliuliza bila kugeuka.

"Unajua. Kazi. Wiki ile ile."

"Kwa hiyo bega yangu njo beji yako."

"Haikuwa kwa beji." Alizunguka akachuchumaa mbele yake. "Ile wiki nilikuwa natafuta karatasi yangu ya ukimbizi chini ya godoro. Nikakuta mukoba wako. Ulikuwa umeweka kila kitu. Karatasi za shule, picha ya mama yako, medali zako. Cheti ya ndoa haukuweka. Uliikunja vizuri, ukaiacha upande wangu."

Ilikuwa kweli.

"Ungerudi?" Heritier aliuliza.

"Hapana."

"Unaona."

"Singerudi. Ungeniuliza, ningekuambia hivi ninavyokuambia. Ungelia, tungelia wote, kisha ningeenda. Wewe ukatoa mwili wangu kwa watu wauvunje."

"Nilitaka ubaki."

"Nimebaki. Niangalie."

Heritier hakuangalia. Macho yake yalikuwa yamehamia kwenye simu yake, iliyokuwa kando ya pasi. Blandine naye aliitazama. Ndani ya simu ile kulikuwa na sauti zote mbili, na majibu ya Ochan.

Waliinuka kwa pamoja.

Heritier alimpiku kwa hatua moja. Lakini hakuishika simu, alimshika yeye. Dole gumba lake lilitumbukia mbele ya bega la kushoto, chini kidogo ya mfupa, mahali alipopajua kuliko daktari yeyote wa Kampala, akabonyeza.

Blandine aliona weupe. Kwa miaka mitano Heritier hakuwahi kumpiga hata kofi.

"Nisamehe," alikuwa anamwambia sikioni huku akizidi kubonyeza. "Nisamehe, mama. Nisamehe. Hiyo simu huwezi toka nayo."

Kitu kiliteleza ndani ya bega. Lilikuwa linatoka tena.

Mkono wa kulia wa Blandine ulipapasa meza, ukakuta mpini wa pasi. Hakutazama. Aliizungusha akaigandamiza kwenye mkono wa Heritier, chini ya kiwiko, akaiacha hapo.

Chumba kilinuka nyama.

Heritier alipiga ukelele akamwachia. Blandine alitupa pasi, akamnasa kifundo cha mguu kwa mguu wake, akamsukuma kwa bega zima. Heritier alianguka chali, kichwa kikagonga chuma cha kitanda. Kabla hajajigeuza, goti la Blandine lilikuwa juu ya kifundo cha mkono wake wa kulia, na vidole viwili vya mkono huo vilikuwa ndani ya ngumi ya Blandine.

Heritier alielewa.

"Si vidole," alisema. "Blandine. Nipige kichwa. Nipige popote. Si vidole."

"Mimi nilikuwa na bega."

Alivipinda nyuma. Cha shahada kililia kwanza, kavu. Cha kati kilichelewa kidogo; ilibidi aweke uzito.

Mlio wa tatu ulikuwa wa Heritier mwenyewe.

Blandine aliinuka. Bega lilikuwa linawaka moto hadi kwenye taya, lakini lilikuwa bado mahali pake. Alichukua simu akaiingiza kifuani. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia anaulizwa kwa sauti ndogo.

"Hiyo damu ni ya Docus?"

Blandine alitazama gauni lake.

"Umempiga." Heritier alikuwa amejikunja sakafuni, mkono umekumbatiwa tumboni. "Alianguka?"

"Nilimbwaga."

"Juu ya nini?"

"Sementi."

"Alitanguliza nini?"

Blandine aligusa kisogo chake mwenyewe. Heritier alifumba macho.

"Jana jioni nilimkanda," alisema. "Ile pingili inacheza chini ya kidole kama jino bovu. Haihitaji Santina tena. Haihitaji mkeka. Uvimbe utakaza polepole, masaa mawili, matatu, na yeye atadhani amechoka tu. Asitembee, Blandine. Asigeuze kichwa. Alazwe chini, mutu ashike kichwa chake kwa mikono miwili, hivi, asikiache mpaka wafike wenye kitanda cha hospitali. Mpigie."

"Wewe si njo ulitaka aanguke?"

"Mpigie."

Ilikuwa saa saba na nusu. Walikuwa wameachana na Docus saa nne na nusu. Blandine alitoa simu yake mwenyewe, akapiga. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

"Nani pale klabu anajua kumshika?" aliuliza.

Heritier aliinua mkono wake. Vidole viwili vilikuwa vimetazama upande usio wao, na ngozi ya chini ya kiwiko ilikuwa imevimba malengelenge.

"Ni mimi tu," alisema. "Sasa nimshike na nini?"

Mwendesha boda alimwambia Blandine kwamba kutoka Katwe hadi Bugolobi, kwa foleni ile, hawezi kuahidi chini ya nusu saa. Blandine alimwambia apite popote, hata juu ya watu. Alipita mitaroni, akapita kando ya malori, akavunja kioo cha gari moja wala hawakusimama kutukanwa. Njia nzima Blandine alipiga simu. Njia nzima iliita.

Alikuwa anahesabu maanguko ya Docus. Lile la Tunis halikuwa lake. Mazoezi ya miezi miwili hayakuwa yake. Lakini la asubuhi lilikuwa lake peke yake, na alilifanya vizuri. Aliikumbuka nyonga yake ikigeuka kwa wakati, uzito ukipita juu yake bila shida. Tangu aumie hakuwahi kumbwaga mtu kwa usafi namna ile, na pale sokoni, kwa nukta moja, alikuwa amefurahi.

Ukumbi wa Klabu ya Nguzo uko nyuma ya maghala. Ilikuwa saa nane na dakika kumi alipofika. Viti vilikuwa vimepangwa, mkeka umefagiliwa, lakini hakuna aliyeketi. Watu wote walikuwa wamesongamana kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo.

Blandine aliwapasua kwa bega zima.

Docus alikuwa sakafuni, kati ya benchi na ukuta, kichwa kimelala upande. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu cha mieleka, mwingine hauna. Alikuwa ameinama kufunga kamba, akateleza kutoka kwenye benchi, hakuinuka. Santina alikuwa amepiga magoti amemshika mkono, anausugua, anamuuliza kama anahisi. Docus alimwambia hapana. Alimwambia hivyo mara kadhaa, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Upande wa pili alipiga magoti mwanamume mkubwa mwenye sare ya polisi, bunduki begani. Huyo alikuwa Sajenti Oloya, baba yake. Alikuwa ametoka lindoni moja kwa moja kuja kumwona bintiye, kama alivyoombwa.

"Asisogezwe," Blandine alisema. "Mumshike kichwa. Mikono miwili."

Hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wanatazama damu kwenye gauni lake.

"Ndiye huyu," alisema Ochan.

Kocha Ochan alikuwa amesimama juu ya benchi ili aonekane, simu yake mkononi. Hakuonekana kuwa na hofu. Alionekana kama mtu aliyepewa zawadi ambayo hakuitarajia.

"Afande, kila mtu hapa ni shahidi. Mtoto wako hajagusa mkeka leo. Amekuja hivyo, amevimba jicho, amepasuka mdomo. Sisi tulikuwa tunamuuliza, hataki kusema. Kisha mtu ananitumia hii kutoka Kalerwe. Angalia mwenyewe."

Akamshushia simu. Blandine hakuhitaji kuiona. Alisikia kishindo cha mwili juu ya sementi. Kisha sauti ya Munirah ikatoka ndani yake, ndogo, ikimwomba aache.

Oloya aliitazama video mpaka mwisho. Akairudisha mwanzo, akaitazama tena.

"Kuna sauti," Blandine alisema haraka. "Afande, nisikilize. Docus alikuja kwangu na sauti aliyotuma kocha huyu. Iko kwa simu ya Docus."

"Simu gani?" Ochan aliuliza kwa upole. "Ile iliyoanguka naye?"

Alionyesha kwa kidevu. Simu ya Docus ilikuwa chini ya benchi, imekanyagwa vipande viwili. Santina aliinua macho, akamtazama Ochan, akayainamisha tena. Simu ya Santina nayo ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wa shati la Ochan.

Blandine alichomoa simu ya Heritier kifuani. Aligusa kioo. Kikawaka, kikaonyesha alama ya duara na mstari mmoja wa maandishi: weka kidole.

Aliweka chake. Simu ilikataa. Akaweka tena, kama mjinga.

"Shikeni kichwa chake," alisema tena. Alipiga hatua mbele ili amshike yeye mwenyewe. Mkono wa kulia ulikuja. Wa kushoto ulifika kifuani ukagoma. Kichwa cha mtu hakishikwi kwa mkono mmoja. Alibaki ameinama juu ya Docus, mkono mmoja mbele, na kwa aliyekuwa mlangoni ilionekana kama amekuja kummalizia.

Oloya alimsukuma nyuma kwa kitako cha bunduki. Pigo lilimpata kwenye bega. Lile lile.

Alipoweza kuona tena, alikuwa ameegemea ukuta, na sajenti alikuwa ameinamia uso wa bintiye, karibu sana, kama mtu anayemwamsha mtoto aende shule.

"Docus. Mwanangu. Sema jina moja tu. Nani amekufanya hivi?"

Macho ya Docus ndiyo pekee yaliyoweza kutembea. Yalimpita baba yake. Yalimpita Ochan juu ya benchi, yakampita Santina. Yalizunguka chumba polepole mpaka yakamkuta aliyekuwa ukutani, yakatulia.

"Blandine," alisema.

Midomo yake iliendelea kucheza. Alikuwa na neno la pili, hilo kila mtu aliliona, lakini pumzi ya kulitoa haikuja.

Oloya hakulingoja. Alisimama, akamgeukia Blandine, akafungua kifungo cha usalama cha bunduki.